S. E. Hinton: nani huamua kwamba kitabu ni cha vijana?

Mwaka ule ule aliokuwa akiandika The Outsiders, riwaya ambayo imekwisha kuuzwa nakala zaidi ya milioni 14, Susan Eloise Hinton alipata D katika somo la uandishi wa kubuni. Alikuwa na miaka 16, mwanafunzi wa Will Rogers High School mjini Tulsa, jimbo la Oklahoma, Marekani. Kisa hicho amekisimulia mwenyewe mara nyingi, na kila makala inayomhusu hukirudia, hii ikiwemo.

Baada ya kisa cha D, makala hizo huwa na sentensi nyingine inayofuata bila kukosa: kwamba binti huyu ndiye aliyeanzisha fasihi ya vijana. Hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Hinton hakukaa chini na kusema sasa naandikia vijana. Aliandika, kitabu kikatoka, kikayumba, halafu watu ambao hakuwajua wakakiokota na kukipeleka mahali ambapo mchapishaji wake hakuwa amepawazia. Ukitaka kuelewa maisha yake ya uandishi inabidi uwafuate watu hao kama unavyomfuata yeye.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kiswahili kina neno kijana, na limebebeshwa mzigo mkubwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu kijana tangu miaka 18 hadi yule ambaye hajafika 35. Sera ya Tanzania ya maendeleo ya vijana ya mwaka 2007 inaanzia 15 na kuishia 35. Kwa hesabu hiyo, baba wa watoto watatu mwenye mkopo wa bodaboda ni kijana. Wamarekani wakisema vitabu vya vijana wanalenga rika jembamba zaidi, miaka 12 hadi 18 hivi: aliyekwisha kubalehe au kuvunja ungo, anayejiona mtu mzima mbele ya rafiki zake, lakini jioni bado anaomba nauli kwa mama.

Rika hilo lilikuwepo siku zote, ila rafu yake ya vitabu ilichelewa. Mwaka 1942 Maureen Daly alitoa Seventeenth Summer, hadithi ya mapenzi ya binti wa miaka 17, na wapo wanaosema huo ndio mwanzo wa yote. Mwaka 1957 chama cha wakutubi wa Marekani kikaunda idara maalumu ya kuhudumia wasomaji wa rika hili. Kwa hiyo wakutubi walikuwa na idara kabla ya kuwa na vitabu vya kutosha vya kuijaza. Walichokuwa nacho kwa wingi ni hadithi za wasichana wanaohangaika kupata wa kwenda naye dansini, na za wavulana wanaofunga bao dakika ya mwisho. Kisha mwaka 1965 serikali ya Rais Lyndon Johnson ikapitisha sheria ya elimu iliyotenga fedha kwa ajili ya maktaba za shule. Shule zikawa na pesa ya vitabu, na madarasa yamefurika watoto waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Kilichokosekana ni kitabu ambacho mvulana wa miaka 14 asingekitupa chini ya dawati.

Hinton naye alikosa kitabu hicho hicho, kama msomaji. Alizaliwa Tulsa tarehe 22 Julai 1948, akakua akipenda farasi na hadithi za wafugaji wa magharibi, na ndizo alizoanza kuziandika utotoni. Shuleni kwake wanafunzi waligawanyika kimakundi. Kulikuwa na watoto wa kishua, walioitwa Socs, wenye magari mazuri na mashati ya bei. Kulikuwa na watoto wa uswahilini, walioitwa Greasers kwa sababu ya nywele ndefu walizozilaza kwa mafuta. Makundi haya yalipigana. Siku moja rafiki yake alipigwa vibaya akiwa anatembea kurudi nyumbani kutoka sinema, kwa kosa la kuonekana mtoto wa kimaskini. Hinton alirudi nyumbani na hasira, akaanza kuandika.

Alikuwa na miaka 15 alipoanza. Aliandika rasimu, akaivunja, akaandika tena, na mwaka wa miaka 16 ndio uliobeba sehemu kubwa ya kazi. Mwaka huo huo baba yake alikuwa mgonjwa wa uvimbe kwenye ubongo, na akafariki. Mimi sipendi sana kusoma kitabu kama faili la hospitali la mwandishi wake, lakini ni vigumu kutoliona hili: katika The Outsiders, wazazi wa msimulizi wamekufa kwa ajali ya gari kabla hadithi haijaanza, na ndugu watatu wanalea nyumba bila mtu mzima. Darry ana miaka 20 na ameacha ndoto ya chuo ili afanye kazi ya kuezeka mapaa. Sodapop ameacha shule, yuko kituo cha mafuta. Ponyboy ana miaka 14, anapenda sinema na mashairi, na ndiye anayesimulia.

Njama yake inaelezeka kwa pumzi moja. Ponyboy na rafiki yake Johnny wanavamiwa usiku na vijana wa kishua, Ponyboy anazamishwa kichwa kwenye maji ya chemchemi ya bustani, Johnny anachomoa kisu na kuua. Wanakimbilia kanisa lililoachwa, kanisa linashika moto likiwa na watoto ndani, wanawaokoa, Johnny anaungua na baadaye anafariki. Rafiki yao Dally, yule aliyejifanya hana moyo, anashindwa kuvumilia msiba huo, anaelekeza bastola isiyo na risasi kwa polisi na kupigwa risasi. Mwishoni Ponyboy, ambaye maksi zake zimeporomoka, anatakiwa na mwalimu wa Kiingereza kuandika insha. Anakaa kuandika, na sentensi anayoanzia ni ile ile iliyofungua kitabu. Insha ya kunusuru maksi ndiyo riwaya uliyomaliza kusoma. Mtoto aliyepewa D aliweka hilo kitabuni, na sijui kisasi kingine dhidi ya kadi ya matokeo kilicho kizuri kama hiki.

Ubora wa kitabu hauko kwenye njama, ambayo wakati mwingine inavutwa mno kama sinema ya machozi. Uko kwenye sauti. Ponyboy anaongea kama mtu wa umri wake: anajisifu, anajidharau, anaeleza rangi ya macho ya kila anayemwona, anadai hajali huku amejaa huzuni. Mwandishi mtu mzima angeisafisha sauti hiyo, au angechomeka somo la maadili kila baada ya kurasa 20. Hinton hakuwa na umbali wa kumwezesha kufanya hivyo. Pia kuna kisichokuwemo. Tulsa ndio mji ambao mwaka 1921 mtaa wa Weusi wa Greenwood ulichomwa moto na kundi la Wazungu na watu wengi kuuawa. Greenwood haionekani kitabuni. Umaskini unaosimuliwa ni wa Wazungu peke yao, ingawa vita vya makundi ndiyo mada. Msomaji wa leo analiona pengo hilo mara moja.

Mswada ulitoka Tulsa kwa njia ya kawaida kabisa, yaani kwa kujuana. Mama wa rafiki yake alikuwa mwandishi wa vitabu vya watoto, akamwelekeza kwa wakala wa New York. Mkataba, kwa masimulizi ya Hinton, ulimfikia siku ya mahafali yake ya kumaliza shule. Wachapishaji Viking wakakitoa kitabu mwaka 1967, mwandishi akiwa na miaka 18.

Wakakitoa kwa jina la S. E. Hinton. Wahariri waliogopa kwamba wahakiki wanaume wakiona jina Susan juu ya hadithi ya visu na magenge, inayosimuliwa na mvulana, wataikataa kabla ya kuifungua. Hinton alikubali. Mara nyingi jambo hili huelezwa kama dhuluma tu, na dhuluma ilikuwepo, lakini mwenyewe amesema pia kwamba herufi hizo zilimfaa: jina la vitabuni likabaki huko, na Susan akaenda zake sokoni bila kuulizwa maswali. Wavulana wengi walimaliza kitabu wakiamini kwamba kimeandikwa na mmoja wao.

Siri haikuwa siri kwa wote. Mwezi Agosti 1967 gazeti la New York Times lilichapisha makala yake yeye mwenyewe akilalamika kwamba vitabu wanavyopewa vijana havifanani na maisha yao. Aliandika kama shahidi, tena wa umri wao. Na hakuwa peke yake katika mwaka ule: Robert Lipsyte alitoa The Contender, hadithi ya bondia kijana Mweusi wa Harlem, mwaka huo huo 1967. Mwaka uliofuata akaja Paul Zindel na The Pigman. Ndiyo maana nasema sentensi ya "ndiye aliyeanzisha" inahitaji kupunguzwa makali. Mlango ulikuwa unasukumwa na mikono kadhaa.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo huwa inarukwa. The Outsiders hakikulipuka sokoni. Kilipotolewa kwa jalada laini kiliwekwa pamoja na riwaya za kawaida za watu wazima, zile za kununua dukani ukipita, na hapo kikadoda. Hinton ameeleza kwamba kilikaribia kuachwa, mpaka mchapishaji alipogundua kuna sehemu moja ambako kinauzwa kwa kasi ya ajabu: kwa walimu. Walimu walikuwa wakikinunua na kukisomesha darasani, kwa sababu wale watoto wasiosoma kitu walikuwa wanakisoma hiki. Wakutubi nao wakawa wanaagiza nakala mpya kufidia zilizoibwa au kuchakaa. Mchapishaji akaelewa kwamba ana mkononi mwake soko ambalo halikuwa na jina dukani, akaanza kuuza kupitia shule. Rafu ya vijana ilijengwa hivyo, kutoka darasani kwenda dukani.

Mwandishi mwenyewe, wakati huo, alikuwa amekwama. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Tulsa, akasomea ualimu, na kwa miaka mitatu au minne hakuandika kitu cha maana. Sifa za mapema zilimtia hofu. Kila alichoandika alikiona hakifai karibu na kile cha kwanza, na alipokirudia kile cha kwanza aliona makosa yake tu. Mafunzo ya ualimu nayo yakamwonyesha kwamba hana roho ya kuacha matatizo ya wanafunzi shuleni anaporudi nyumbani, kwa hiyo kazi hiyo akaiweka kando.

Aliyemkwamua ni mchumba wake, David Inhofe. Alimwekea sharti: kurasa mbili kwa siku, zisipoandikwa hakuna kutoka jioni. Hinton akaandika mbili, hata kama ni polepole, akipima kila neno. Kurasa zikajaa sanduku, zikawa That Was Then, This Is Now. Walioana mwaka 1970, na kitabu kikatoka 1971. Ni hadithi ya wavulana wawili waliolelewa kama ndugu, mpaka mmoja anapogundua kwamba mwenzake anauza dawa za kulevya, na anachukua simu kupiga polisi. Hakuna anayetoka salama. Ukikilinganisha na cha kwanza utasikia tofauti: kile cha kwanza kimemwagika, hiki kimepimwa kwa kijiko.

Mwaka 1975 ikafuata Rumble Fish, kijitabu chembamba ambacho kwangu mimi ndicho alichoandika kwa ustadi mkubwa kuliko vyote. Msimulizi wake Rusty-James si msomaji wa mashairi kama Ponyboy. Ni mzito wa kufikiri, anamwabudu kaka yake, na haoni kile ambacho msomaji anakiona tangu ukurasa wa tatu. Kuandika kwa sauti ya mtu asiyeelewa hadithi yake mwenyewe ni kazi ngumu, na ndiyo sababu baadhi ya mashabiki wa kitabu cha kwanza walikichukia. Tex kikaja 1979, chenye ucheshi zaidi, na farasi wengi, kuhusu ndugu wawili ambao baba yao hupotea kwa miezi akifuata mashindano ya kupanda farasi.

Hesabu hiyo ni vitabu vinne kwa miaka 12. Kwa waandishi wa siku hizi wanaodaiwa kitabu kila mwaka, hiyo ni njaa. Hinton hakuwahi kuandika haraka, na hakuhitaji, kwa sababu shule ziliendelea kununua vile vya zamani kwa kila darasa jipya.

Si shule zote zilizonunua kwa furaha. Katika orodha ya vitabu 100 vilivyolalamikiwa zaidi Marekani katika miaka ya 1990, The Outsiders kimo: pombe, sigara, visu, familia zisizo na wazazi. Walalamikaji hawakukosea kuhusu yaliyomo, yote yamo kweli. Walichogombania na walimu ni kama mtoto anayeyaona hayo mtaani aruhusiwe pia kuyasoma darasani.

Safari ya sinema nayo ilianzia maktaba ya shule. Mwaka 1980 mhudumu wa maktaba ya Lone Star School, Fresno, California, pamoja na wanafunzi mia moja na ushee walioweka sahihi, walimwandikia barua mtayarishaji mkubwa wa sinema Francis Ford Coppola na kumtumia nakala ya kitabu. Walimwona ndiye anayefaa kukifanya sinema. Coppola, yule wa The Godfather, alikuwa katika kipindi kigumu cha kifedha, na barua ya watoto ikamgusa. Sinema ilipigwa Tulsa kwenyewe, ikatoka Machi 1983, na mwanzoni imewekwa shukrani kwa shule ile. Waigizaji wake walikuwa vijana ambao majina yao yalikuwa bado madogo: Patrick Swayze, Matt Dillon, Diane Lane, Ralph Macchio, Rob Lowe, Emilio Estevez, na Tom Cruise aliyepewa nafasi ndogo kuliko wengi wao.

Hinton hakukaa pembeni kusubiri hundi. Alikuwepo wakati wa kupiga picha, akashirikiana na vijana wale kama dada mkubwa, na anaonekana kwa sekunde chache kama muuguzi. Siku za mapumziko yeye na Coppola walikaa kuandika mswada wa sinema ya Rumble Fish, iliyotoka mwaka huo huo kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe. Tex ilikuwa imeshatangulia mwaka 1982, na That Was Then ikafuata 1985. Vitabu vyake vyote vinne vikawa vimeingia sinema ndani ya miaka minne. Sijui waandishi wengi wa rika hilo waliopata bahati kama hiyo katika zama zile.

Mwana wake wa pekee alizaliwa 1983, katikati ya pilikapilika hizo. Kitabu cha tano, Taming the Star Runner, kilisubiri hadi 1988. Mhusika wake mkuu, Travis, ni kijana mkorofi wa miaka 15 anayepelekwa kwenye shamba la mjomba wake, na huko anapata habari kwamba mchapishaji wa New York ameukubali mswada wake. Ndicho kitabu chake cha kwanza cha vijana kisichosimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Hinton alikuwa na miaka 40. Alikuwa akimwandika mtoto mwandishi, lakini sasa akimtazama kutoka nje, kama mzazi anavyochungulia dirishani.

Mwaka huo huo wakutubi wa idara ile ya vijana walianzisha Tuzo ya Margaret A. Edwards, ya kumheshimu mwandishi kwa mchango wake wa muda mrefu kwa wasomaji wa rika hili. Wa kwanza kuipokea ni Hinton. Ikawa heshima, na kwa namna fulani ikawa pia kufunga hesabu, kwa sababu tangu hapo hajatoa riwaya nyingine ya vijana. Mwaka 1995 alitoa vitabu viwili vya watoto wadogo. Mwaka 2004 akaja na Hawkes Harbor, riwaya ya watu wazima yenye mabaharia na mambo ya kutisha, ambayo ilizishangaza shule zilizodhani zinamjua. Wasomaji wameendelea kumwomba mwendelezo wa hadithi ya Ponyboy kwa miongo kadhaa, na jibu lake limebaki hapana.

Kukataa huko kumemletea ugomvi wa aina mpya. Mwaka 2016 msomaji alimuuliza Twitter kama Johnny na Dally walikuwa wapenzi, naye akajibu kwamba hawakuwa, yeye ndiye aliyewaumba na anajua. Wasomaji walikuja juu. Wengi walikuwa vijana waliojiona ndani ya wahusika hao, na jibu kavu la mwandishi liliwauma. Ninaelewa pande zote mbili. Kitabu ambacho kwa nusu karne kimekuwa kikichukuliwa na wasomaji na kupelekwa walikotaka wao, kutoka darasani hadi kwa Coppola, hakiwezi ghafla kurudishwa mikononi mwa mwenyewe. Lakini yeye naye alikuwa na miaka 16 alipowajua wale wavulana, na anawazungumzia kama watu aliowahi kukaa nao.

Mwezi Aprili 2024 The Outsiders kilifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, kama tamthilia ya nyimbo, Angelina Jolie akiwa mmoja wa watayarishaji, na mwezi Juni kikapata Tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya nyimbo. Huko Tulsa, ile nyumba ndogo ya mbao iliyotumiwa na Coppola kama makazi ya ndugu watatu ilikuwa imebaki gofu, mpaka mwanamuziki wa rap Danny Boy O'Connor, wa kundi la House of Pain, alipoinunua na kuikarabati. Tangu 2019 ni makumbusho. Mabasi ya shule husimama nje, watoto wa miaka 13 wanashuka na kupiga picha barazani pa watu ambao hawakuwahi kuwepo. Hinton anaishi mji huo huo.